Babu yako anaitwa Kiliani? Lifuatilie jina lake hivi

Kama ukoo wenu wa Nambambo una Kiliani, Brigita au Patrisi, mna jina lenye safari ndefu. Kuifuatilia kunahitaji asubuhi moja na mzee, siku moja parokiani, na daftari la kuandikia.

Anza na mzee, simu iweke pembeni. Usimuulize alibatizwa mwaka gani, maana wengi hawakuhesabu hivyo. Muulize kama ilikuwa kabla ya mradi wa karanga au baada yake. Mradi ule ulianza 1947 ukafa 1951. Alikuwa ameshapita jando? FRELIMO walikuwa wameshaweka kambi Nachingwea? Hapo unazungumzia miaka ya 1960. Kwa maswali matatu umeshapata makadirio.

Muulize pia wazazi wake waliitwaje nyumbani. Kwenye kitabu cha ubatizo huenda wameandikwa kwa majina hayo tu, na bila hayo utampata Kiliani asiye wako.

Nenda parokia alikobatizwa yeye, si unakosali wewe. Usiende Jumapili misa ikitoka, hakuna atakayekusikiliza. Nenda siku ya kazi. Mpe katibu jina, makadirio ya miaka na majina ya wazazi. Na usichanganyikiwe ukikuta maandishi ya Jimbo la Nachingwea: lilianzishwa 1963, na ndilo Jimbo la Lindi la leo.

Ukifunguliwa ukurasa, soma taratibu. Wino umefifia, mwandiko umelala, na mapadri wa zamani walizoea Kilatini. Kiliani anaweza kuwa Kilianus, Patrisi akawa Patricius. Fuata herufi tatu za mwanzo, mwisho wa jina usikusumbue. Kisha tazama pambizo. Huko ndiko huongezwa kipaimara na ndoa, na huko unaweza kumkuta bibi yako. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Sasa mtafute mtakatifu mwenyewe. Uliza sikukuu ya somo inaadhimishwa lini, kwa sababu majina hufanana na watu ni tofauti. Brigita wa 1 Februari ni mwanamke wa Ireland, wa Kildare. Wa 23 Julai ni wa Uswidi, aliyeishi karne nyingi baadaye. Kolumba wa 9 Juni alifariki 597 katika kisiwa cha Iona, na Kolumbano wa 23 Novemba alifariki 615 huko Bobbio, Italia. Tarehe ndiyo itakayokutofautishia.

Kiliani ni 8 Julai, siku moja baada ya Sabasaba, watu wakiwa bado wanapulizia mikorosho. Wengi hudhani ni jina la Kijerumani. Hapana. Kwao Ireland ni Cillian, C ikisomwa kama K. Kwa Kigaeli, cill ni kanisa, na ndiyo hiyo Kil- iliyomo kwenye Kildare ya Brigita. Alivuka bahari kwenda kuhubiri Würzburg, akauawa huko mnamo 689 pamoja na wenzake Kolonat na Totnan. Masimulizi yanasema mtawala wa pale, Gozbert, alikuwa amemwoa mjane wa kaka yake. Kiliani akamwambia wazi kwamba ndoa ile haifai. Mwanamke yule, Geilana, akaamuru auawe. Wasimulie wajukuu kisa hiki, maana habari ya kurithi mke wa ndugu haihitaji mkalimani huku kwetu.

Na jina lake lilifikaje Kusini? Würzburg ndilo jimbo lenye abasia ya Münsterschwarzach, iliyotuma wamisionari Wabenediktini Ndanda, misheni iliyoanzishwa 1906. Watawa hao walitoka kwenye jimbo linalomheshimu Kiliani kama msimamizi wake. Kwa Kiliani wa huku, hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuichunguza.

Ukishajua yote haya, usiguse tahajia. Kama NIDA na cheti cha kuzaliwa vinasema Kiliani, acha Kiliani. Ukianza kujiandika Cillian kwenye fomu, utaombwa viapo na kuzungushwa ofisini bila sababu. Andika historia ya jina kwenye daftari la ukoo, pamoja na picha ya ule ukurasa.

Na tarehe 8 Julai ikifika, mpigie babu simu umtakie heri ya sikukuu ya somo wake.