Hofu Yako Iwekee Tarehe: Kwa Anayengoja Kupima VVU na kwa Walio Naye Nyumbani

Mtu anayehisi huenda ameambukizwa VVU hubaki na swali ambalo kichwa chake hakiwezi kulijibu, lakini usiku kucha kichwa hicho hakiachi kulihangaikia. Hukumbuka tukio zima upya, hujiuliza kama kondomu ilipasuka au ilivaliwa kwa kuchelewa, hujipa moyo, na muda si mrefu moyo huohuo humwangusha. Kijitabu hiki ni chake na cha wale anaoishi nao. Tunachosema ni kwamba hofu ya namna hii haipungui kwa kuwaza zaidi wala kwa kujikagua mwili. Inapungua mtu anapojua siku atakayopima, na anapojua la kufanya kabla ya siku hiyo kufika.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri. Kama tukio lina chini ya saa 72, acha kusoma, nenda kituo cha afya au hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku au ni sikukuu. Zipo dawa za kuzuia maambukizi baada ya mtu kukutana na virusi, ambazo wahudumu huziita PEP. Humezwa kila siku kwa siku 28, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Zinamhusu aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu, aliyechomwa na sindano iliyotumika, na aliyefanya ngono bila kinga na mtu asiyejua hali yake. Wengi huzikosa kwa sababu ya aibu tu, wakitafuta namna ya kueleza kilichotokea mpaka siku tatu zinakwisha. Maelezo marefu hayahitajiki. Ukifika sema tukio lilikuwa lini na la namna gani, kisha uliza kuhusu PEP.

Saa 72 zikishapita, kazi inayobaki ni ya kalenda. Vipimo vya haraka vinavyotumika katika zahanati zetu havitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kirusi kuingia, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia idadi inayoonekana. Ndiyo maana majibu ya siku ya kumi hayawezi kukuambia lolote kuhusu tukio la siku kumi zilizopita. Pima sasa ili ujue hali uliyokuwa nayo kabla, kisha pima tena miezi mitatu itakapotimia tangu tukio. Andika tarehe hizo mbili mahali utakapoziona. Katikati hapo tumia kondomu kila mara na usichangie damu, kwa sababu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno mwilini. Mama mjamzito au anayenyonyesha asisubiri miezi mitatu ndipo aseme. Amweleze muuguzi mapema, kwani mtoto naye anaweza kukingwa.

Shida ni kwamba miezi mitatu ni mirefu, na mwenye hofu huijaza kwa kutafuta dalili. Hujitazama ulimi kwenye kioo, hupapasa tezi za shingoni asubuhi na jioni, hujipima uzito, huhesabu vipele. Ni kweli kwamba baadhi ya walioambukizwa hupata homa, maumivu ya koo, vipele na uchovu wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi. Lakini homa na uchovu ni vya malaria pia, na koo ni la mafua, na wapo walioambukizwa wasiopata dalili yoyote. Dalili, basi, hazithibitishi wala hazikanushi. Lililo baya zaidi ni kwamba hofu yenyewe huleta dalili. Asiyelala hutoka jasho usiku. Asiyekula hupungua. Tumbo la mwenye wasiwasi huharisha, na tezi inayobonyezwa mara ishirini kwa siku lazima iume. Hivyo mtu hukonda kwa woga, akajitazama alivyokonda, akasadiki kuwa ameambukizwa. Ukijikuta katika mzunguko huu, acha kujikagua kwa makusudi kabisa. Ukipata homa, kapime malaria kama ambavyo ungefanya mwezi mwingine wowote. Kula kwa saa zako, fanya kazi itakayouchosha mwili mchana, na usinywe pombe ili upate usingizi.

Takwimu nazo zina msaada wake, zikitumiwa kwa uaminifu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini Tanzania wanaishi na VVU, maana yake walio wengi sana hawana. Hata pale mwenzi ana virusi na hatumii dawa, wataalamu hukadiria kwamba mwanamke huambukizwa mara 8 hivi katika kila matendo 10,000 ya kawaida, na mwanaume mara chache zaidi. Kiwango hicho hupanda kukiwa na vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, na ni kikubwa zaidi kwa ngono ya kinyume na maumbile na kwa kuchangia sindano. Takwimu hizi hazisemi kwamba tendo moja ni salama. Watu wameambukizwa kwa tendo moja. Zinasema tu kwamba anayejiona tayari ni mgonjwa kwa sababu ya usiku mmoja amejihukumu kabla ya ushahidi. Na anayehofia mbu, choo au sahani ya pamoja aache kabisa. VVU haviambukizwi hivyo.

Wapo watakaosema ni heri kutojua. Wana sababu ya kuhisi hivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka mingi ilipita ambapo kuambiwa una virusi kulikuwa sawa na kuagwa. Woga wa leo umerithiwa kutoka miaka hiyo, ila tiba imebadilika. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU anaweza kuanzishiwa mara moja bila kusubiri augue. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuanza mapema kunapunguza ugonjwa mzito na vifo kwa zaidi ya nusu. Turudi kwenye ule utafiti wa kitaifa: katika wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Ambaye virusi vyake vimefubaa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Waliobaki hatarini ni hasa wale wasiojua, ambao ni karibu mmoja kati ya sita.

Wengine wanachoogopa ni macho ya watu. Jirani akikuona kwenye benchi, mtaa mzima utajua. Basi nenda kituo cha mtaa mwingine, au jipime mwenyewe, jambo lililoruhusiwa kisheria mwaka 2019, wakati umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi uliposhushwa hadi miaka 15. Katika kipimo cha mdomoni unapitisha kijiti mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, unakitumbukiza ndani ya kichupa chenye maji yake, unangoja dakika 20. Mstari penye herufi C ni wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa pili ukitokea penye T, hata kwa kufifia, nenda kituoni ukapimwe upya. Hakuna anayeambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja. Lazima vingine vya aina tofauti vikubaliane nacho. Majibu ya mwenzi wako, kwa upande mwingine, si majibu yako: wapo wanandoa wengi ambao mmoja anavyo na mwingine hana.

Ninyi mlio nyumbani, msimhoji alikuwa na nani. Mpikieni, mkae naye, mmoja ajitolee kumsindikiza. Akianza kusema maisha hayana maana au anataka kujidhuru, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na yupo aliyepima baada ya miezi mitatu kutimia, akaambiwa hana, hakupata tukio jingine, na bado anazunguka vituo akiomba kupimwa tena. Huyo majibu anayo. Linalomsumbua mara nyingi ni majuto, au ugonjwa wa wasiwasi, ambao kitone kingine cha damu hakiutibu. Amwambie mhudumu waziwazi ameshapima mara ngapi, na aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili.