Tetesi za Laptopu Mpya: Ungoje au Ununue?

Tetesi zina msimu wake. Picha zisizo na mwenyewe huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba laptopu ijayo itakuwa nyembamba kuliko zote, skrini yake itaguswa kwa kidole kama ya simu, betri itadumu siku mbili. Mwanafunzi wa mtaa wa Satellite, Nairobi, aliyekwisha kukusanya pesa zake, akawa amebakisha kupanda matatu tu kwenda mjini, anaahirisha. "Wacha ile mpya itoke kwanza," anasema. Miezi inapita, naye bado anaandika kazi za chuo kwenye simu au analipia saa kwenye saiba ya Kawangware.

Hizo tetesi mara nyingi si uongo. Laptopu moja hupitia viwanda vingi, huku skrini, kule betri, kwingine ganda la chuma, na habari huvuja njiani. Mark Gurman wa Bloomberg, mwandishi anayefuatilia kampuni ya Apple kwa karibu, ameripoti kwamba inaandaa MacBook Pro yenye skrini ya OLED inayoguswa, ya kutoka mwishoni mwa 2026 au mwanzoni mwa 2027. Huenda ikawa hivyo. Lakini tarehe ya California haikuambii lolote kuhusu bei ya Moi Avenue, na bei hiyo ndiyo utakayolipa.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo tetesi huyachanganya: chipu mpya na umbo jipya. Chipu hubadilika karibu kila mwaka. MacBook Air ya M1 ilitoka Novemba 2020, ya M2 ikafuata 2022, ya M3 Machi 2024, ya M4 Machi 2025. Umbo halibadiliki upesi hivyo. Air ilipata ganda jipya 2018, kisha 2022. Pro ilipata lake 2012, 2016 na 2021. Kwa mtu anayeandika ripoti, anayepanga hesabu kwenye Excel na kuingia Zoom, chipu mpya haistahili kungojewa hata wiki moja. Umbo jipya ni jambo zito zaidi, lakini nalo lina hatari yake: toleo la kwanza ndilo hubeba kasoro ambazo kiwandani hazijaonekana.

Mfano upo, na bado unauzwa mjini. Kuanzia 2015 Apple ilitengeneza kibodi nyembamba mno, ile ya kipepeo. Chembe ya vumbi ikiingia, kitufe kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Juni 2018 kampuni ilifungua mpango wa kuzirekebisha bure, na Novemba 2019 ikaanza kurudi kwenye kibodi ya mtindo wa zamani. Mpango ule ulimlinda mnunuzi kwa miaka minne tangu laptopu ilipouzwa mara ya kwanza, kwa hiyo mashine hizo sasa hazina mlinzi. Ukikutana na MacBook Pro ya inchi 13 ya 2016 hadi 2019, au Air ya 2018 na 2019, kwa bei ya kuvutia, iache. Vumbi la Naivasha Road wakati wa kiangazi unalijua.

Sasa tuje kwenye kalenda ya Nairobi. Wengi wetu hatununui laptopu iliyotoka jana. Tunanunua ex-UK: mashine zilizotumiwa na kampuni za Ulaya kwa miaka mitatu hadi mitano, zikaondolewa ofisini kwa mkupuo, zikasafishwa, zikaletwa kwa meli au ndege hadi kwenye maduka ya Moi Avenue, Tom Mboya na Luthuli, na vibanda vya orofa za juu vya eksibisheni. Ndiyo maana mabadiliko ya umbo yanayokuhusu wewe ni yale ya miaka mitatu au minne iliyopita. Laptopu inayotangazwa mwaka huu itafika kwenye bajeti yako karibu 2030. Kinyume chake, ile Air ya M2 iliyozua msisimko 2022 ndiyo inayoanza kuachwa na ofisi za watu sasa. Anayefuata tetesi kwa akili huzisoma akitazama nyuma: kampuni zikihamia toleo jipya, zitaachia lipi?

Na usitarajie bei ishuke siku ya tangazo. Muuzaji aliyeleta mali yake kwa gharama fulani hapunguzi kwa sababu kuna sherehe ng'ambo. Hupunguza akiona mali imekaa.

Kinachotikisa bei kwa kweli ni dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Chukua laptopu ya dola 1,000 kabla ya kodi na usafiri: mwezi Januari ni shilingi 160,000, miezi sita baadaye ni 129,000. Tofauti ya elfu thelathini na moja, na hakuna hata skrubu moja iliyobadilishwa. Mwenye kutaka kungoja kitu, aangalie shilingi kabla ya kuangalia picha zilizovuja.

La pili ni kumbukumbu, yaani RAM. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kwamba inaacha kuuza RAM za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Imani yetu ya zamani, kwamba kompyuta hushuka bei kadiri unavyongoja, haina uhakika tena. Ukipata mashine yenye GB 16 tayari, ina thamani kuliko ya GB 8 unayoambiwa "utaongeza baadaye". Na kuna ambazo haziongezeki kabisa: MacBook za sasa, pamoja na Lenovo X1 Carbon, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. ThinkPad T480 ina nafasi mbili zinazofunguka.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alishike ni hili la Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inataka kwa jumla kizazi cha nane cha chipu au zaidi, pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0. Ofisi nyingi zilijikuta na mashine nzima nzima zisizokubalika, na mashine za namna hiyo huishia kwenye masoko kama yetu. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha sita au cha saba ikiwa rahisi ghafla, urahisi huo una sababu.

Kujua kizazi, soma namba ya chipu. Katika i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7: kizazi cha saba. Katika i5-8350U ni cha nane. Ikiwa ni i5-10310U, zile mbili za mwanzo ni 10. ThinkPad T470 ni ya saba kwenda chini, lakini usitegemee jina la nje peke yake, kwani HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ziliuzwa na chipu za saba na za nane pia. Washa mashine, fungua ukurasa wa maelezo ya mfumo ndani ya mipangilio, usome mwenyewe. Kuona Windows 11 imewashwa si ushahidi. Inaweza kulazimishwa kwenye mashine isiyofaa, na Microsoft haiahidi kuihudumia. Upande wa Apple, toleo la macOS la 2025, Tahoe, ndilo la mwisho kwa chipu za Intel. Mac ya Intel leo ni pesa iliyopotea.

Nenda dukani asubuhi, usiwe na haraka. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport itakupa uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa, linganisha. Kwenye MacBook, tazama hesabu ya mizunguko ya betri, ukijua zimeundwa kwa mizunguko 1,000. Bonyeza kila kitufe. Mwombe muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako: ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikasema inasimamiwa na kampuni fulani, au BIOS ikataka neno la siri ambalo muuzaji hana, ondoka. Chaja ya ex-UK ina plagi ya pini tatu kama soketi zetu, kwa hiyo adapta isiwe nyongeza ya gharama. Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa waranti, na malipo yaende kwa Till yenye jina la duka, siyo kwa namba ya kijana aliyekuongoza kutoka barabarani.

Wapo wanaopaswa kungoja. Kama unanunua mpya kabisa, mashine uliyo nayo bado inafanya kazi, na tangazo liko karibu, vumilia. Apple mara nyingi hutoa laptopu zake Machi au Oktoba. Watengenezaji wa Windows huonyesha zao Januari kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, na zingine huchukua miezi kufika madukani. Hata ukiishia kununua ya mwaka uliopita, utakuwa na nguvu ya kujadili bei.

Lakini kama kazi inakungoja, iwe ni masomo ya Septemba, tafsiri, uhasibu wa duka au kazi za mtandaoni, hesabu mapato unayoyapoteza kila mwezi kisha uyalinganishe na punguzo unalolitumaini. Kwa bajeti ya kawaida ningechagua ThinkPad T480 au EliteBook 840 yenye chipu ya kizazi cha nane, RAM ya GB 16, na betri iliyopimwa mbele yangu. Mwenye uwezo zaidi achukue MacBook Air ya M1 au M2 isiyo na kufuli. Ukiipata mashine ya hivyo wiki hii, inunue wiki hii.