Kabla Hujanunua Kiwanja, Uliza Nani Amelala Pale



Masomo ya kusoma kabla ya kikao: Mwanzo 23, Yeremia 32:6-15, Luka 14:28-30.

Leo tunaongea habari za kiwanja na nyumba. Najua wengine mtasema, "Mimi bado napanga chumba kimoja, hayo yananihusu nini?" Ndiyo maana tunaongea sasa. Mtu akishakuwa na pesa mfukoni na dalali mlangoni, hana tena utulivu wa kujifunza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, rafiki yangu wa jumuiya yetu hapa Igunga aliuza mpunga wake, akaongeza pesa ya ng'ombe wawili aliopewa na baba yake, akasema sasa anataka kwake. Dalali akampatia muuzaji siku hiyo hiyo. Ilikuwa Septemba, ardhi kavu, uzio wa minyaa umesimama vizuri, bei ya kuvutia. Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, pale kibandani kwa mama ntilie. Akatakiwa shahidi. Nikasaini. Jamani, kile kiwanja sikuwa nimekikanyaga hata siku moja.

Mvua zilipoanza, rafiki yangu akaenda kuchimba msingi. Akamkuta mama mzee amesimama kwenye kona, karibu na rundo la mawe. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sijui nani kakuleta. Ila hapa alipolala mume wangu usichimbe." Lile rundo alilodhani ni mabaki ya ujenzi lilikuwa kaburi. Aliyeuza ni mtoto wa kwanza wa yule mama. Hakumwambia mama yake wala wadogo zake, na mirathi ya baba yao haikuwahi kufunguliwa.

Wazee wakaitwa. Rafiki yangu angeweza kushupaa na karatasi yake, lakini alikubali kiwanja kirudi kwa mama. Pesa yake anarudishiwa kidogo kidogo, na mpaka leo haijafika nusu. Mimi nami niliitwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe shahidi, ulishuhudia nini?" Sikuwa na jibu. Amri ya nane nilikuwa naijua kwa kichwa tangu mafundisho ya Kipaimara. Siku ile ndiyo iliniingia moyoni.

Sasa tumtazame Abrahamu. Sara amefariki, na yeye ni mgeni katika nchi ya Wahiti. Efroni anamwambia achukue shamba bure. Abrahamu anakataa, anataka alipe bei kamili. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni pa mji. Maandiko yanataja shamba, pango na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka. Mtu yuko msibani, ana kila sababu ya kuharakisha, lakini anafanya jambo lake hadharani. Ardhi ya kwanza aliyoinunua katika nchi ya ahadi ilikuwa ya kaburi. Alijua kwamba ardhi si udongo tu, ina watu wake, walio hai na waliolala.

Yeremia naye alinunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17. Wakati huo yeye yuko kifungoni na Wababeli wameuzunguka mji. Akaandika hati, mashahidi wakasaini, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Alikuwa nabii, mtu wa imani kubwa, na bado aliandika na kutunza hati. Kwa hiyo tusisingizie imani kwa uvivu wetu wa kuandikiana.

Basi, kwa hali yetu ya hapa, tupange hivi.

Kwanza, jua unanunua nini. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Kwenye viwanja vilivyopimwa kuna hati miliki, ambayo huwa ya miaka 33, 66 au 99. Vijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kiwanja cha mjini na shamba la kule Ziba au Simbo havifuati njia moja. Kama kuna hati, omba ikakaguliwe kwa Msajili wa Hati. Kama hakuna, nenda kwa afisa ardhi wa halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi. Maneno ya dalali hayatoshi.

Pili, uliza ni ya nani hasa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye mali amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ongea na majirani wa pande zote nne. Kaa na mama wa nyumba, msikilize.

Tatu, nenda ukaone wakati wa mvua. Sisi tunaijua mbuga yetu. Udongo mweusi kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, mvua ikija unavimba na kushika maji, na nyumba yenye msingi hafifu inapata nyufa. Kiwanja kizuri cha Septemba kinaweza kuwa bwawa Februari. Muulize fundi msingi wa pale utakula kiasi gani.

Nne, piga hesabu yote. Yesu alisema juu ya mtu anayejenga mnara bila kukaa chini kuhesabu gharama, watu wakamcheka. Bei ya kiwanja ni mwanzo tu. Kuna upimaji, hati, ushuru wa stempu, msingi, bati, choo, maji. Weka akiba kwenye kikundi au VICOBA kwa jina la jambo moja, na usiiguse kwa simu mpya.

Tano, kwa anayetaka kuuza. Usiuze kwa sababu ya njaa ya wiki moja au aibu ya mchango wa harusi. Kaeni familia nzima, wadogo wasikilizwe, wajane wasikilizwe. Kabla ya kutaja bei, jibuni: baada ya hapa tutalala wapi? Tena kumbuka kwamba kuna kodi kwenye faida ya mauzo, kwa hiyo pesa unayotajiwa siyo yote itakayobaki mkononi.

Na ukiombwa kuwa shahidi, nenda kwanza ukakanyage mipaka. Ukikataa kusaini usichokijua, unaweza kumwokoa rafiki yako.

Maswali ya jumuiya:
1. Nyumbani kwetu, nani angeumia kama nyumba ingeuzwa kimyakimya?
2. Je, nimewahi kusaini au kuthibitisha jambo nisilolijua? Nilirekebishaje?
3. Mwezi huu nitaanza kuweka akiba kiasi gani, na nani atanikumbusha?

Tendo la wiki: muulize mzazi au mlezi wako karatasi za nyumba au shamba zinawekwa wapi, na zina jina la nani.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyezaliwa mahali pa kuazima na kuzikwa katika kaburi la mwingine, utujalie makao ya haki. Utulinde tusijenge juu ya machozi ya mjane wala ya yatima. Utupe subira ya kupanga, na ujasiri wa kusema kweli tunapoitwa kushuhudia. Amina.