Mfano wa Udongo

Mmekwisha kuwaona wapiga matofali kandokando ya Lubumbashi. Wanachimba udongo wa kichuguu, wanaukanda kwa maji, wanautia katika kalibu ya mbao, kisha wanauchoma. Tofali likipotoka lingali bichi, hulirudisha katika matope na kulipiga tena. Lakini marumaru ni jiwe. Pua ya sanamu ikivunjika kwa pigo moja la patasi, kazi ya miezi mingi imepotea. Ndiyo sababu mchonga sanamu huanza kwa udongo.

Papa Aleksandro wa Saba alimwagiza fundi Bernini kaburi, liwekwe katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Papa alikufa mwaka 1667. Kaburi likajengwa tangu 1671 hata 1678. Bernini alikuwa mzee wa karibu miaka 80, na marumaru ilikatwa na wasaidizi wengi. Wangejuaje mawazo yake? Maneno hayatoshi: ukisema, «Joho likunjwe hivi,» kila mtu atalikunja namna yake. Basi Bernini alifinyanga mfano mdogo wa Papa akipiga magoti. Ulichomwa motoni, nao ungaliko London, katika jumba la Victoria and Albert. Katika mifano yake mingine ya udongo alama za vidole zinaonekana hata leo.

Mfano hupimwa kwa bikari. Ukiwa na sentimita 30, na sanamu inatakiwa mita 3, kila kipimo huzidishwa kwa 10.

Tena palikuwa na taabu: mahali pa kaburi palikuwa na mlango. Fundi mwingine angelalamika. Bernini aliufanya mlango wa Mauti. Juu yake mifupa ya mtu, ya shaba iliyochanganywa na bati na kupakwa dhahabu, inatoka chini ya nguo kubwa ya jiwe jekundu, imeshika saa ya mchanga. (Shaba na bati, zote mbili tunazo Katanga.) Wengine husema mifupa hiyo haifai kanisani. Mimi naona inafaa, maana Papa aliye juu hageuki kuitazama, anaendelea kusali.

Maswali
1. Kwa nini wasaidizi wa Bernini walihitaji mfano?
2. Mauti inatokea wapi, na Papa anafanya nini?
3. Finyangeni mtu anayepiga magoti, urefu sentimita 10. Sanamu ya jiwe ikitakiwa mita 1 na nusu, mtazidisha kwa ngapi?