Pima Udongo Kabla Hujanunua Mbolea

Ndugu mkulima wa Nyanda za Juu Kusini,

Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze msimu wa 2022/2023, malalamiko mengi yanayotufikia ni ya aina moja: mifuko inayotiwa shambani ni ileile, lakini magunia ya mahindi yanapungua. Wengine wanasema mbolea imeua ardhi. Tumewasikia.

Chanzo mara nyingi ni tindikali. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, aluminiamu iliyomo huanza kudumaza mizizi, na fosforasi uliyoinunua kwa jasho hunaswa udongoni, mmea usiipate. DAP na Urea zikitumika miaka mingi bila chokaa wala samadi huizidisha tindikali hiyo. Dawa ni chokaa ya kilimo, ila kiasi chake hakikadiriwi kwa macho. Pima kwanza.

Watafiti wa kituo cha Mlingano, Tanga, wamefanya kazi kubwa ya kuchunguza udongo wa nchi hii, nasi tunaionea fahari. Lakini hakuna maabara inayoweza kurekebisha sampuli iliyochotwa vibaya, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Udongo wa kando ya banda la ng'ombe hauwezi kusema habari za shamba zima.

Pita shambani kwa zigizaga. Fagia majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, chota kidogo, kisha rudia mahali 15 hadi 20. Usichote kwenye kichuguu. Usichote penye samadi, penye majivu, chini ya mti wala njiani. Changanya vizuri kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati ina zinki na itapotosha kipimo. Bondeni na mlimani ni sampuli mbili, usizichanganye. Anika kivulini, kisha funga kiasi cha kilo moja kwenye mfuko mpya.

TUNARUDIA: mfuko mpya! Usitumie mfuko uliowahi kubeba mbolea, hata kama umeufua. Chembe chache tu zitaharibu majibu, nawe utatumia fedha zako kwa kufuata jibu la uongo.

 

Mei 2024, jijini Nairobi, viongozi wa Afrika waliahidi kufufua angalau asilimia 30 ya udongo uliochakaa ifikapo 2034. Fedha za ahadi hiyo zitapotea bure iwapo mbolea itaendelea kumwagwa kwenye udongo usiopimwa.

Majibu yakitoka, mpelekee afisa ugani akueleze kiasi cha chokaa kwa ekari. Ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiimwage pamoja na mbolea. Karatasi ya majibu itunze. Baada ya misimu mitatu utachota tena, kwa utaratibu huuhuu, na afisa ugani atataka kuyalinganisha majibu hayo mawili.