Picha Niliyoisoma Nusu

Mpenzi msomaji, uniwie radhi kabla hujaendelea. Katika toleo la mwaka jana la jarida hili la chama chetu niliandika ukurasa mmoja kuhusu picha ya ukutani iitwayo Utatu Mtakatifu, kazi ya Mwitalia Masaccio. Niliandika kwa mbwembwe. Nilisema kwamba picha ile ina umbo la pembetatu, na kwamba kitako cha pembetatu hiyo ni watu wawili wenye mali waliopiga magoti, mume na mke. Nikakata kauli kuwa mchoraji alitaka kusema kanisa la siku hizo lilibebwa na mifuko ya matajiri. Wengi mlinipongeza, nami nikavimba kichwa.

Kumbe! Muhula wa pili mwaka huu mwanachama wetu mmoja wa Kidato cha Pili alisimama katika kongamano la Kiswahili kwenye shule jirani, akatoa hotuba juu ya picha hiyo hiyo, maneno karibu yote yakiwa yangu. Alipomaliza, mwalimu mgeni aliyekuwa mwamuzi akamuuliza kwa upole, "Na ile mifupa iliyo chini, yasemaje?" Mwenzetu akabaki kinywa wazi. Mifupa ipi tena? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, na naapa kiti kilinichoma. Aliyekosea ni mimi, lakini aliyechekwa ni yeye. Picha niliyoiona kitabuni ilikuwa imekatwa chini, nami sikujisumbua kuuliza kama kuna kilichobaki. Ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi niisome upya, yote, na mara hii nianzie chini.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Masaccio alizaliwa mwaka wa 1401 katika mji mdogo karibu na Florence, nchini Italia. Jina lake halisi lilikuwa Tommaso. Masaccio ni jina la utani, kama sisi tungemwita mtu "Toma Mchafumchafu", kwa kuwa inasemekana hakujali nguo wala fedha, mawazo yake yote yalikuwa katika sanaa. Alikufa Roma mwaka wa 1428, hajafika hata miaka thelathini. Utatu Mtakatifu aliuchora miaka yake ya mwisho, kati ya 1425 na 1428, katika kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence. Ni picha ndefu kwenda juu: zaidi ya mita sita na nusu, na upana wa mita tatu na kitu. Yaani ukiisimamisha katika darasa letu itatoboa paa.

Haya, tuanze chini. Mwalimu wetu wa Sanaa alinifungulia picha nzima kwenye kompyuta ya maktaba, nami nikaona nilichokikosa. Chini kabisa, chini ya wale matajiri wangu wawili, kuna jeneza la jiwe, na juu yake umelala mifupa ya binadamu, kuanzia fuvu hadi nyayo. Juu ya mifupa hiyo kuna maandishi yaliyochorwa kana kwamba yamechongwa ukutani. Hayakuandikwa kwa Kilatini, lugha ya makasisi na wasomi, bali kwa Kiitaliano, lugha ya mtaani, ili hata muuza samaki apitaye hapo aelewe, au asomewe na jirani. Maana yake ni kwamba maiti anamwambia anayemtazama: mimi nami nilikuwa kama wewe, na hivi nilivyo sasa ndivyo utakavyokuwa. Hapo usomaji wangu wa mwaka jana ulianguka wote chali. Kumbe walio juu ya pembetatu hawakusimama juu ya mali. Wamesimama juu ya kaburi.

Tena kuna jambo la pili. Wakristo wa zama hizo walikuwa na simulizi kwamba Adamu alizikwa mahali pale pale ambapo baadaye msalaba wa Yesu ulisimikwa. Kwa hiyo wataalamu wengi huona maana mbili katika mifupa ile kwa mpigo mmoja: ni ya mtu yeyote, mimi na wewe, na pia ni ya Adamu, aliyeleta kifo kwa mujibu wa Biblia, akiwa amelala chini ya yule aliyekuja kukishinda. Mimi naiona maana ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi, maana haihitaji mtu kufunuliwa kitabu chochote. Fuvu ni fuvu.

Sasa tupande ngazi. Juu ya kaburi wako mume na mke waliopiga magoti, mmoja kila upande, mikono imefumbatana kwa sala. Hao ndio waliogharimia picha, ingawa majina yao bado yanabishaniwa. Tazama mambo mawili kuwahusu. La kwanza, wako nje ya chumba kilichochorwa, mbele ya nguzo, upande wetu sisi tunaotazama. Hawakuruhusiwa kuingia ndani. La pili, kimo chao ni sawa na cha watakatifu walio ndani. Hili laweza kuonekana dogo, lakini kabla ya hapo mchoraji alizoea kumfanya mfadhili mdogo kama kidoli miguuni pa mtakatifu, kwani ukubwa wa mtu pichani ulionyesha cheo chake. Masaccio aliwapa umbo la watu wazima wenye uzito wao.

Ndani ya chumba, kulia na kushoto kwa msalaba, wamesimama Maria mama wa Yesu na mtume Yohana. Yohana ameshikamanisha mikono kwa huzuni, macho yake yako msalabani. Maria halii. Ni mama mtu mzima, uso umekauka, na kwa mkono wake wa kulia anatuelekeza kwa mwanawe. Kati ya wanadamu wote walio hai katika picha hii, yeye peke yake ndiye anayetukazia macho. Ni kama anayesema, "Mwanangu ndiye huyu, mmemwona?" Hebu jaribu kumtazama kwa dakika moja bila kugeuza macho, utaona kazi.

Katikati ni Yesu msalabani, amekwisha kufa. Nyuma yake amesimama Mungu Baba, mzee mwenye ndevu, akiushikilia msalaba kwa mikono miwili. Na Roho Mtakatifu je? Mara ya kwanza sikumwona kabisa. Nilidhani ni ukosi wa vazi la Baba. Ni njiwa mweupe, ameteremka kati ya kidevu cha Baba na kichwa cha Mwana. Utatu umekamilika katika mstari mmoja ulionyooka: Baba, njiwa, Mwana. Ukiuteremsha mstari huo zaidi, unafika pale kwenye mifupa. (Wenzetu Waislamu chamani waliniambia kwamba kwao Mungu hachorwi kabisa. Najua, na sikuandika haya kumshawishi mtu. Tunaisoma kazi kama tunavyosoma tungo za watu wa imani yoyote, ili tujue mtunzi alikusudia nini.)

Rangi nazo zimepangwa kwa mizani. Mfadhili wa kushoto amevaa nyekundu, na juu yake Maria amevaa buluu. Upande wa kulia ni kinyume: mke wa mfadhili yuko katika buluu, na juu yake Yohana yuko katika nyekundu. Kwa hivyo rangi zinakatana kama herufi X. Halafu Mungu Baba, aliye kileleni, anazivaa zote mbili. Washairi wa chama hiki mtanielewa nikisema kwamba hivyo ni vina vya kati na vya mwisho.

Lakini jambo lililowaduwaza watu wa Florence lilikuwa ni ule ukuta wenyewe. Ukuta ni bapa, hauna tundu. Ila ukisimama mbele yake unaona chumba kirefu kinachoingia ndani, chenye dari la mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, limegawanywa kwa vyumba vya mraba. Ufundi huo ulikuwa mpya. Miaka michache tu nyuma yake, msanifu majengo Brunelleschi wa mji huo huo alikuwa ameonyesha jinsi ya kuchora umbali kwa hesabu: mistari yote inayoelekea ndani hukutana katika nukta moja. Katika picha hii nukta hiyo iko karibu na chini ya msalaba, takriban kwenye usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama kanisani. Ndiyo sababu dari tunaliona kutoka chini, nalo kaburi liko chini ya macho yetu. Mchoraji amekwisha kutupangia mahali pa kusimama: katikati ya kifo na msalaba, tukitazama juu.

Alifanyaje? Hapa ilinibidi nimwendee baba, ambaye ni fundi wa mawe na plasta. Kusema kweli, shuleni huwa sipendi kuitaja sana kazi hiyo. Siku ya likizo nikamkuta anakoroga saruji, nikamweleza kwamba kwenye plasta ya Masaccio kumebaki alama za mistari iliyokwaruzwa kabla ya rangi. Baba hakusita hata kidogo. "Alipigilia msumari mmoja, akafunga uzi, akauvuta kila upande," akasema. "Sisi tunafanya vivyo hivyo kila siku, kijana wangu. Huyo mtu wako alikuwa fundi kwanza." Na kweli, ndivyo wanavyosema waliouchunguza ukuta ule kwa karibu.

Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: plasta ilipigwa yote kwa mara moja? La. Picha ya aina hii huitwa fresko, na rangi yake hupakwa plasta ya chokaa na mchanga ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka hukutana na hewa ya kaboni dioksidi ikageuka kuwa kama jiwe, na rangi ikafungiwa humo humo. Plasta ikishakauka, umechelewa. Kwa hiyo fundi hupiga plasta ya kutosha kazi ya siku moja tu: leo kichwa, kesho mkono. Akikosea, hana kifutio. Sharti abandue kipande kizima aanze upya. "Basi viungo vitaonekana," baba akasema. Vinaonekana! Kwa kuvihesabu, wataalamu wamepata vipande zaidi ya ishirini, na hivyo wanakadiria siku alizofanya kazi. Buluu ndiyo iliyokuwa na matatizo, maana rangi ya buluu ya jiwe waliyoitumia wakati huo haikupatana vizuri na chokaa mbichi. Mara nyingi ilipakwa baada ya ukuta kukauka, kwa hiyo ikabanduka upesi kuliko nyingine.

Kuna mahali hesabu ya Masaccio inagoma. Msalaba umesimama mbele chumbani, lakini Baba amesimama juu ya kibao ambacho, ukifuata mistari, kinaonekana kuwa nyuma sana. Mikono yake ingewezaje kufika mbele? Tena hatumwoni kutoka chini kama tunavyoliona dari. Tunamwona uso kwa uso. Chamani tulibishana hadi kengele ikalia. Mwenyekiti wetu alisema ni kosa la kijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi nadhani alifanya kusudi: aliyepima dari kwa uzi hadi chumba cha mwisho hashindwi kupima mikono miwili. Wanadamu na mawe wanafuata kanuni ya macho yetu, Mungu hakuwekwa chini yake. Hata hivyo sitalazimisha, maana mwaka jana nililazimisha, na matokeo yake mmeyasikia.

Sasa niseme neno moja ambalo si la kujitetea, ingawa linanifariji kidogo. Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliisifu sana picha hii kitabuni mwake. Alisema ukuta unaonekana kama uliotobolewa. Huyo huyo Vasari, mwaka wa 1570, alijenga altare mpya mbele yake akaifunika yote. Haikuonekana tena mpaka altare hiyo ilipoondolewa mnamo 1860. Sehemu ya juu ikabanduliwa, ikahamishiwa ukuta wa mlangoni. Mifupa ikabaki ilipokuwa, imefichika, hakuna aliyejua. Kwa miaka tisini watu waliingia kanisani humo na kuitazama picha isiyo na kaburi, kama mimi na kitabu changu. Ni mwaka wa 1952 tu, baada ya mifupa kugunduliwa, ndipo picha iliporudishwa mahali pake na vipande viwili vikaungana tena.

Mwenzetu wa Kidato cha Pili ameomba atoe hotuba ile ile tena katika kongamano lijalo. Nimempa picha nzima, pamoja na msumari na uzi alionipa baba, akaonyeshe ubaoni jinsi mistari inavyokutana.