Mkubwa Ndiye Kitabu cha Mdogo

 

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo halitoki mbali. Twataka kumtazama mtoto mchanga katika nyumba ambayo nduguze wakubwa wasomea humo humo, kisha tujiulize: huyu naye anafundishwa na nani? Wengi wetu hujibu, "Huyo bado mdogo, hajaanza kusoma." Jawabu hili si sawa, na kosa lake huwadhuru watu wawili: mdogo mwenyewe, na mkubwa anayemlea.

Tukumbuke mwaka 2020. Kwa sababu ya maradhi ya korona, shule za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na waliobakia wakangoja hata tarehe 4 Januari 2021. Mwaka 2024 tena, mafuriko yaliakhirisha kufunguliwa kwa shule kutoka tarehe 29 Aprili hata tarehe 13 Mei. Sisi watu wa Bura, tunaoishi kando ya mto Tana, twayajua mambo haya. Fauka ya hayo, wako wazazi wanaopenda wenyewe kuwasomesha watoto wao nyumbani. Basi nyumba kugeuka darasa si jambo geni kwetu.

Natupige mfano wa nyumba moja, nao ni mfano tu. Chini ya kivuli cha mti amekaa msichana wa miaka kumi na miwili na kitabu chake. Pembeni yake yuko nduguye wa miaka minane, anaandika loho yake ya madrasa. Kati yao yuko kitoto cha miezi kumi na minne. Dada akisoma kwa sauti, kitoto nacho chavumisha sauti. Kaka akiandika, kitoto chaokota kijiti na kuchora mchangani. Wakubwa wakimaliza wakainua mikono kuomba dua, nacho chainua viganja vyake, kisha chajipangusa uso. Hapana aliyekifundisha hayo. Kimeyaona, kikayashika.

Wataalamu wameyachungua mambo haya. Mwaka 1988 Andrew Meltzoff wa Marekani aliwaonyesha watoto wa miezi kumi na minne vitendo vya ajabu, na kimojawapo ni kuinama na kukigusa kisanduku kwa paji la uso hata kikawaka taa. Hawakuachiwa kukishika siku ile. Baada ya wiki nzima waliporudishiwa kisanduku, wengi wao waliinama wakakigusa kwa paji la uso. Basi mtoto asiyeweza bado kusema maneno kumi aweza kuliweka moyoni aliloliona siku moja, akalitoa siku nyingine. Ni nani kati yetu atakayesema tena kwamba mtoto huyu "haelewi kitu"?

Na kwa nini amfuate nduguye kuliko baba yake? Sababu zake ziko wazi. Mkubwa ana kimo kinachomkaribia, na mambo yake mdogo aweza kuyajaribu. Mkubwa hurudia mchezo ule ule mara ishirini bila ya kuchoka. Na mkubwa hutoka nje akarudi na maneno. Hapa petu wamo Waorma, Wapokomo, Wasomali na wengineo, na mradi wa kunyunyizia maji mashamba, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ulileta walowezi wa makabila mengi. Mama aweza kusema na mwanawe kwa lugha ya nyumbani tu, lakini kitoto kikapata Kiswahili chake cha kwanza kwa dada aliyerudi kutoka kisimani au shuleni. Hata hatari hujifunza kwa njia hii: kaka akiuruka mwiba wa mathenge na kupiga ukelele, mdogo hujua kwamba pale hapakanyagwi.

Lakini, ndugu zetu, kioo hakichagui sura. Kitoto kinachoiga dua huiga na matusi. Kinachoiga kushika kitabu huiga na kukitupa. Mkubwa akipigwa kwa sababu ya kukosea hesabu, mdogo hasomi hesabu pale. Asoma kwamba kitabu na fimbo ni kitu kimoja. Kwa hivyo mzazi anayetaka kumfunza wa mwisho yampasa aanze na wa kwanza. Wahenga wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi twaongeza kwamba umleavyo mkubwa ndivyo akuavyo mdogo.

Sasa tufike kwenye jambo zito, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Kwa kuwa mkubwa ni mwalimu mwema wa mdogo, baadhi yetu tumemgeuza kuwa yaya. Mara nyingi huwa ni msichana. Mtoto hufungwa mgongoni mwake asubuhi, na hatolewi ila usiku. Nduguze wa kiume hurudi shuleni, yeye huambiwa, "Ngoja kwanza mdogo wako akue." Mdogo akikua, huzaliwa mwingine. Mwisho wake kitabu kile ambacho mdogo alikuwa akikisoma kwa dada yake hufungwa, na dada hana tena la kumwigiza ila kuchota maji na kuosha vyombo. Hivi ndivyo tunavyowapoteza wote wawili.

Natuzingatie kisa cha Nabii Musa katika Suratil Qasas. Alipotiwa mtoni naye mchanga, mama yake alimwagiza dada yake amfuatie. Dada alimtazama kwa mbali bila ya watu kutambua, na alipoona mtoto hanyonyi kwa mnyonyeshaji yeyote, akawaelekeza kwa watu wa nyumbani kwake. Mtoto akarudi kwa nani? Kwa mama yake. Basi amana ya dada ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mpaka: alimlinda, akamrejesha kwa mama. Hakuambiwa awe ndiye mama.

Na sheria ya nchi haipingani na hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema kila mtoto. Haikumtoa msichana mwenye mdogo mgongoni.

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, mkubwa awe na saa zake za kusoma asizobebeshwa mtoto, na baba pia ashike zamu. Pili, katika saa hizo mdogo akae karibu, apewe kijiti au karatasi yake, asifukuzwe. Tatu, mkubwa asomapo aulizwe maana ya alichokisoma. Kuiga bila ya kufahamu ni daraja ya kitoto cha miezi kumi na minne, na aibu ni yetu tukimwacha hapo mtoto wa miaka kumi na miwili. Nne, shule zinapofunguliwa wote warudi, wa kike na wa kiume.

Maswali ya kuzungumza katika darsa: Nyumbani mwako ni nani anayemlea mdogo tangu asubuhi hata adhuhuri? Yeye mwenyewe asoma saa ngapi? Na kitoto chako kimekuiga jambo gani wiki hii?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzilinda amana zetu, wakubwa na wadogo. Amin.